Gauni la Watu Wawili

Zipu ikiamua kukuaibisha haisubiri ufike chumbani. Huchagua foleni ya benki, mwisho wa mwezi, watu wamebanana kama njiti kwenye kiberiti. Ndivyo ilivyomfika binti mmoja aliyevaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu iliyombana mpaka ukamwonea huruma. Aliinama kuokota kalamu. Trrr!

"Dada, usigeuke," sauti ya kiume ikasema nyuma yake, chini chini.

"Nisigeuke kwa nini? Wewe nani?"

"Mimi fundi cherehani. Ukigeuka, benki nzima itaona ninachokiona mimi peke yangu."

Binti akaganda. "Unaona nini?"

"Maua. Mekundu."

"Funga macho!"

"Nikifunga macho nitakuchoma na pini."

Alikuwa na pini tatu kwenye ukosi wa shati, na tepu ya kupimia imemning'inia shingoni kama mipira ya daktari. Akabana zipu hapa, akabana pale, na vidole vyake havikugusa pasipowahusu. Na hilo, wanawake wenzangu, ndilo lililomfanya binti ageuke kwa hiari yake.

"Asante, fundi."

"Sketi hiyo ilishonewa mtu mwingine. Njoo nikushonee ya kwako. Hata kukupima sihitaji, nimeshakupima kwa macho."

"Na macho yako hayakosei?"

"Hayajawahi."

Litunzeni neno hilo. Tutalirudia.

Wateja walimwita Sentimita. Binti alikuwa mpokea simu wa shirika la maji. Kutwa nzima amevaa spika masikioni, akitukanwa na watu waliokaukiwa na bomba, naye akiwajibu kwa sauti ya asali. Kwa hiyo Sentimita akamwita Sauti. Sketi ilishonwa, ikamkaa kama ngozi ya embe. Baada ya sketi, chai. Baada ya chai, simu za kila saa. Baada ya simu, msiniulize.

Walikubaliana mambo ya mtoto yasubiri kwanza. Walikubaliana kwa maneno, maana kwa vitendo Sentimita alikuwa na lugha yake.

"Laazizi," alisema jioni moja, ameshika kipakiti cha kondomu kama mtu aliyepewa risiti ya kosa, "nani anakula pipi na ganda lake?"

Sauti alicheka. Wanawake tunacheka sana mahali pa kusema hapana. Juma lililofuata akaenda kliniki peke yake, akachomwa sindano ya miezi mitatu. Muuguzi alimweleza yanayoweza kutokea, lakini Sauti alikuwa na haraka ya kurudi kazini, akasikia kwa sikio moja. Hakumwambia Sentimita. Sentimita naye hakuuliza. Alidhani wanawake tunazaliwa na kalenda kichwani.

Basi mwili ukaanza vituko. Damu ikawa inakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Kichwa kikamgonga chini ya zile spika. Matiti yakauma hata kwa kuguswa na blauzi. Hamu ya chakula ikapanda, kiuno kikaifuata. Siku moja mzee mmoja alipiga simu kulalamika kwamba mbogamboga zake zimekauka, Sauti akazililia zile mbogamboga mpaka mzee akaanza kumbembeleza yeye. Na hamu ile nyingine, mnayoijua, ikawa kama maji ya mgao: unafungua bomba, linakohoa tu.

"Sauti, sogea basi huku."

"Nimechoka."

"Jana ulichoka."

"Jana nilikuwa na kichwa. Leo nimechoka."

Sentimita akageukia ukutani. Sauti akabaki anatazama dari, hatia imemkalia kifuani kama gunia. Alijiona mwizi: amemnyima mtu chake na sababu ameificha. Shoga yake pale kazini alikuwa anachoma sindano hiyo hiyo, na alikuwa mwembamba, anacheka, anaimba korido nzima. Kwa hiyo Sauti akajiambia ubovu ni wake. Miezi mitatu ilipoisha akachoma ya pili, akingoja mwili uzoee. Mwili haukuzoea.

Katikati ya hayo Sentimita akapata kazi ya kushona sare za wauguzi mji mwingine, akakaa huko majuma kadhaa. Aliporudi alimkumbatia Sauti mlangoni, na mikono ya fundi haikumbatii bure. Inapima. Kiuno kimepanuka. Kifua kimejaa. Tena Sauti amekunja uso kama aliyeumizwa.

Sasa mjue, Sentimita alikuwa na jina kwa kutambua mimba. Aliwahi kumnong'oneza bibi harusi, "Nikuachie nafasi kidogo ubavuni?" na bibi harusi akaangua kilio, maana hata mama yake alikuwa hajajua. Fundi hujua kabla ya mama mkwe. Basi akahesabu kwa vidole: kabla sijasafiri alikuwa amechoka, nikasafiri, nimerudi. Hesabu ikakataa.

Akaimeza hesabu hiyo kama mtu aliyemeza pini, akawa anatembea taratibu isije ikamchoma.

Harusi ya mdogo wake Sauti ilikuwa inakaribia, naye ndiye wa kusimama ubavuni kwa bibi harusi. Sentimita alikuwa amemwahidi gauni la kijani, kijani cha jani la mgomba likilowa. Akalishona. Akampigia simu.

"Njoo ujaribu, mpenzi."

"Umenipima lini?"

"Mimi na wewe tunapimana?"

Sauti akaingia nyuma ya pazia la duka, katikati ya mashati yasiyo na mikono na harufu ya pasi ya moto. Gauni likashuka mwilini bila kugoma, na furaha ya kwanza ilikuwa hiyo: jamani, limenitosha! Halafu akaligeuza upindo. Alishakaa sana kwenye duka lile, akiokota vifungo na kula karanga. Alijua mshono wa kawaida ulivyo. Ubavuni kitambaa kilikunjwa upana wa kiganja. Chini ya kifua kulikuwa na marinda yaliyofichwa. Kiunoni, lastiki.

Alitoka polepole.

"Sentimita. Hili gauni la nani?"

"Lako, laazizi."

"Na huyu mwingine aliyeachiwa nafasi humu ndani ni nani?"

Cherehani ikasimama.

"Nilitaka uwe huru," Sentimita alisema, macho kwenye sindano ya mashine. "Sitakuuliza ni wa nani. Nimefikiri usiku na mchana. Tutamlea. Mimi nimeshakusamehe."

Ona sasa. Mwanamume akijiona mwema, mwombee.

"Umenisamehe," Sauti akasema. Akacheka, kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. "Sina mimba, Sentimita. Nimechoma dawa ya kuzuia mimba, ikanipa kila kitu cha mimba isipokuwa mtoto! Damu, kichwa, matiti, kiuno, machozi. Na unajua niliichoma kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mtu asiyekula pipi na ganda!"

Akavua gauni, akalitundika kwa adabu, maana alilelewa, akavaa nguo zake na kuondoka. Namba ya Sentimita ikafungiwa kwenye simu yake hapo hapo.

Aliyebaki dukani alikaa na lile gauni magotini. Akaanza kulifumua. Kila uzi aliovuta ulimletea jambo: hapa alisema ameumwa na kichwa, nikanuna. Hapa alilia, nikaongeza sauti ya redio. Hapa nilisema ameanza kunona, nikajiona nimechekesha. Hapa nilisema la pipi. Ile tepu shingoni ikawa nzito, akaivua akaitupa kwenye droo. Siku nne hakushona hata kifungo; wateja walikuja, wakakuta fundi ametazama ukuta, wakaondoka na suruali zao ndefu vile vile.

Siku ya tano alipata akili. Akapiga simu shirika la maji. Akakata, akapiga tena, akakata, mpaka ikaangukia sauti aliyoitaka.

"Shirika la maji, habari ya asubuhi, mpendwa mteja. Simu hii inarekodiwa ili kuboresha huduma. Nikusaidie nini?"

"Sauti, ni mimi. Usikate."

Angekata kwa raha zote, lakini kumkatia mteja lilikuwa kosa, na msimamizi wake alikuwa nyuma yake, miwani kwenye ncha ya pua.

"Namba ya mita yako, tafadhali."

"Sina mita. Nina tepu."

"Tatizo lako ni nini, mteja?"

"Bomba limepasuka. Nililipasua mwenyewe, halafu nikamlaumu mwenye nyumba kwa kulowa."

"Limepasuka tangu lini?"

"Tangu siku niliposema la pipi. Mzigo ukaubeba wewe, raha nikala mimi, na sikuuliza hata mara moja imekuwaje. Halafu mimi ndiye nikasema nimekusamehe. Mimi! Nikikumbuka neno lile natamani nijishone mdomo."

"Mteja..." Sauti ya asali ikapata ufa. "Upande huu wa simu nao una kosa. Ulikaa kimya. Ulisema umechoka, na haikuwa uchovu. Ulikuacha ugeukie ukutani ukidhani hupendwi. Uliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kuwa mbovu. Wenzangu wote wazima."

Msimamizi akainua kichwa, Sauti akakaza mgongo.

"Malalamiko yako yamepokelewa. Fika kliniki iliyo nyuma ya ofisi zetu, Jumamosi asubuhi. Njoo na masikio. Mdomo uache nyumbani."

"Nitafika."

"Asante kwa kutupigia."

"Huyo ana shida gani?" msimamizi akauliza.

"Maji yamemfika shingoni, bosi."

Jumamosi Sentimita alivaa shati la pinki la harusi na viatu vilivyong'aa kama sufuria mpya. Benchi zima lilikuwa wanawake. Mwanamume yeye peke yake. Akawatazama, kila mmoja amekuja na mkoba wake na kimya chake, akajiuliza waume wao wanadhani wake zao wameenda wapi. Yeye mwezi uliopita angedhani sokoni.

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye cheko la karibu. "Na huyu nani?"

"Fundi wangu," Sauti akasema.

"Fundi wa nini?"

"Wa kuharibu, mama," Sentimita akajibu mwenyewe.

Muuguzi akasikiliza yote, akapima presha, akauliza kile kichwa kinaumaje, akachukua vipimo, maana damu ya namna hiyo, alisema, haibahatishwi. Mimba haikuwepo. Sentimita akatazama viatu vyake.

"Sindano ikishaingia haitoki, mwanangu. Itaisha taratibu, na mwili unaweza kuchukua miezi kutulia. Na wewe si mbovu. Shoga yako anacheka na dawa ile ile kwa sababu miili si sare za shule. Ungerudi mapema tungezungumza. Vidonge na kijiti navyo vina homoni. Wengine vinawakubali kuliko sindano. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa, ila hedhi inaweza kuwa nzito na tumbo kusokota, hasa mwanzoni. Kuna kufunga kwa wanaume, kwa waliomaliza kuzaa..."

Sentimita akabana miguu.

"...usiogope, baba, leo sina makasi. Na kuna kondomu. Hiyo haina madhara ya homoni. Inataka kitu kimoja tu, mwanamume mwenye adabu, atumie kila mara."

"Nipe, mama."

Sauti akamtazama kwa pembe ya jicho. "Utakula pipi na ganda?"

"Na karatasi, na boksi lake."

Wakaamua hivyo: mwili wa Sauti upumzike, kile kitanzi wakifikirie bila haraka, na kila kliniki waende wawili.

Siku mbili kabla ya harusi ya mdogo mtu, Sauti aliingia dukani. Gauni lilikuwa mezani, limefumuliwa lote, vipande vya kijani vimepangwa kama majani ya kufungia kitu cha thamani. Sentimita akatoa tepu kwenye droo.

"Nikupime?"

"Si unapima kwa macho?"

"Macho yangu yana kesi."

Akampima. Kiuno, kifua, bega. Alipofika ubavuni akapima mara mbili, akaendelea. Alishona usiku na mchana, gauni likawa la mwili ule Sauti aliokuwa nao. Si ule alioupoteza, wala ule aliozuliwa. Siku ya kukunja upindo alipiga magoti miguuni pake, pini zimemjaa mdomoni, akasema kitu.

"Mmu-mmo-mmi?"

"Toa pini, utazimeza."

Akazitoa. "Unaonaje tuoane?"

Sauti akamvuta mkono. "Inuka. Nikikujibu leo sitajua ni mimi nimejibu au sindano. Acha iniishe. Nataka kujibu kwa kichwa changu."

"Nitangoja."

"Na usiniulize kila siku."

Hakuuliza. Aliuliza jingine: kila asubuhi, kabla ya habari za kazi, alipiga simu akisema, "Leo mwili unasemaje?" Siku nyingine ulisema vibaya, naye akasikiliza bila kununa. Ile hatia alikuwa nayo bado. Kila alipoona gauni pana kwenye duka la fundi mwenzake aliinamisha kichwa. Na Sauti alikuwa nayo yake, kwa hiyo alijifunza kusema "sitaki" badala ya "nimechoka".

Damu ikatulia. Kichwa kikaacha kugonga. Kiuno kilipungua kidogo, kingine kikaamua kubaki, akakiruhusu. Na siku moja mchana, duka limejaa wateja, simu ya Sentimita ikalia.

"Habari ya mchana, mpendwa mteja. Unapigiwa kuhusu ombi lako."

Mkasi ukamdondoka. "Ombi gani?"

"Uliliwasilisha ukiwa umepiga magoti. Limekubaliwa."

"Sauti! Kweli?"

"Kwa sharti moja. Usije ukanishonea gauni lolote bila kuniuliza."

Wateja wakamwona fundi anafuta macho kwa kipande cha bitana. "Nakuuliza sasa hivi," akasema. "Leo mwili unasemaje?"

"Unasema ufunge duka mapema," ikajibu ile sauti ya asali, halafu ikashuka chini chini. "Na upite duka la dawa, maganda yameisha."