Tabaka la Kumi na Tatu

Twaiba alihesabu matabaka mara tatu, na mara zote tatu yakawa kumi na matatu. Yeye alikuwa ameweka kumi na mawili.

Ilikuwa saa nne asubuhi, nyumbani kwake Msambweni, katika chumba cha uani alimokuwa akitengeneza mchezo wa kompyuta pamoja na mumewe. Ishak alizunguka akipiga picha za kuta na mawe. Twaiba ndiye aliyeandika programu. Kazi yenyewe haina la kutisha. Picha unazikata zote ziwe za ukubwa mmoja, unazipanga kama shuka kabatini, kila tabaka na nambari yake, kisha unaipa kompyuta rundo zima kwa mkupuo mmoja. Ukuta ndani ya mchezo ukitaja nambari, unavikwa. Ukitaja nambari isiyokuwapo, unavikwa tabaka la mwisho, basi.

Asubuhi hiyo Twaiba alikosea akataja kumi na tatu, na ukuta ukavaa kitu asichokijua: rangi ya maji ya kunde, na mistari myembamba. Akakikuza. Kilikuwa kiganja cha mkono.

"Ishak, hii umeipiga wapi?"

"Mimi nimekupa kumi na mbili." Hata kichwa hakuinua. "Ifute."

Aliifuta. Alipowasha tena ilikuwapo, na chumba kikanuka marashi ya mawaridi ilhali hakuna aliyefungua chupa. Kesho yake kiganja kile kilikuwa na kovu chini ya kidole gumba, kovu la mbuzi ya kukunia nazi alilolipata Twaiba akiwa msichana. Akautazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akausugua kwa kanga, akautazama tena, maana kovu halikuwapo, wala mistari haikuwapo, kiganja chote kilikuwa laini kama sahani iliyooshwa, na ndani ya feni ya kompyuta kulikuwa na mtu akilitaja jina lake polepole, kwa sauti ya anayejifunza.

Siku ya tatu shavu likachomoza katika tabaka lile. Ndipo alipoitwa Bi Mapenzi, mganga wa Kinondo, mwanamke mnene asiyempaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Lete mkono." Akaunusa, kisha akamgeukia Ishak. "Wewe baba, picha zako ulipiga hata ndani ya lile pango la mizimu?"

"Moja tu. Jiwe sikulichukua, bibi. Ilikuwa picha tu."

"Na mlinzi wa pango alikwambia nini?"

"Kwamba pale hakitoki kitu bure. Nitaje jina la mtu, na la mama yake."

"Ukataja la nani?"

Ishak akatazama mkeka. "Twaiba wa Hasina."

Miaka sita ya ndoa, na Twaiba hakuwahi kumwonea hofu hadi dakika ile. Hilo lilimuuma kuliko kuupoteza mkono. "Una jina lako, Ishak. Kwa nini langu?"

"Nilidhani ni maneno tu."

"Kama ni maneno tu, lako uliliogopea nini?"



"Jini huyu wa pango anavaa sura ya mtu kidogo kidogo," Bi Mapenzi akanong'ona. "Akiupata uso wote, mwenyewe hauoni tena. Aliyesema ndiye wa kusema tena. Utalitoa jina la mkeo, uweke lako: Ishak wa Muhsina. Uko tayari?"

"Niko tayari," Ishak akasema huku machozi yakimtoka, akaushika ule mkono laini wa mkewe, na Twaiba, masikini, akaanza kumsamehe.

Mganga akawafunika wote wawili kaniki nyeusi mabegani mbele ya kompyuta, akatia ubani kwenye chetezo, akaanza kuita, na kadiri alivyoita ndivyo marashi yalivyouzidi ubani, na kompyuta ikajiwasha, na kuta zote za ule mji wa mchezoni zikavaa tabaka moja, kuta kwa mamia, kila moja shavu na mdomo na jicho vya Twaiba, macho yakiwa bado yamefumbwa, na midomo yote ikauliza kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa, "Nani?"

"Sema!" mganga akahimiza.

Ishak akaviangalia vidole vyake kumi. Akauachia mkono wa mkewe.

"Twaiba," akasema. "Twaiba wa Hasina."

Macho ukutani yakafumbuka yote.

Bi Mapenzi alizima chetezo bila kumtazama mtu. "Mara ya kwanza mumeo alikuweka rehani, mwanangu," akasema. "Sasa amekutoa kafara."

Twaiba alitaka kulia. Akainua mikono ajifunike uso, na vidole vikateleza kutoka kwenye paji hadi kidevuni bila kukwama popote.