Jina la Aliyegandishwa

Chai iliganda ndani ya thamosi. Mchana peupe, jua la Kitengela likichoma mabati, Nthambi alifungua kifuniko ajimiminie, akakuta barafu tupu. Akacheka kidogo, cheko la mtu asiyetaka kuogopa.

Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Baada ya miaka ya kuhangaika, madaktari walikutanisha mayai yake na mbegu za mumewe Muteti, wakapata viinitete viwili. Kimoja walikipandikiza tumboni. Cha pili wakakigandisha kwenye mtungi wa nitrojeni, kisubiri hata miaka kumi. Nthambi alimwonea huruma huyo wa mtungini. Kila jioni akipika alimbembeleza kwa jina la babu yake marehemu: “Mbaluka, usilie. Zamu yako inakuja.”

Leo mtoto wa tumboni hakuwa amecheza tangu asubuhi. Muteti alikwenda kutafuta gari la kuwapeleka hospitali, akamwacha Nthambi na mama mkwe, Kaveke, ambaye ndiye aliyeona nyayo ndogo za maji sakafuni, zikitoka mlangoni hadi kitandani na kurudi.

“Nthambi, umeita nani jina?” alinong’ona.

“Ule mwenye aligandishwa, mwaitu,” Nthambi alijibu, akimwita mama kwa Kikamba. “Nilimpea Mbaluka.”

“Uuwi! Si unajua sisi Wakamba mtoto anapewa jina akishazaliwa? Mbele ya hapo bado ni wa mapepo. Ukitupa jina na mwenyewe hayuko, jini inaokota. Sasa sikia: ikikuita, usiitike!”

Hajamaliza kusema, harufu ya chuma baridi ikapenya chini ya mlango, vioo vya madirisha vikaingia ukungu, pumzi zao zikaanza kutoka kama moshi, na kucha zikaparuza mbao polepole, chini kabisa, kimo cha mtoto anayetambaa, zikapanda, zikashuka, zikapanda tena, mpaka sauti nyembamba ikasema:

“Mama, nifungulie. Huku kuna baridi.”

Kaveke alimziba mdomo kwa kiganja. Nthambi alijua huyo si mtoto. Alijua kabisa, lakini uchungu wa mwana haushauriki. Akausukuma ule mkono.

“Kuja, mtoto wangu.”

Kucha zikaacha kuparuza. Ukungu ukayeyuka madirishani. Kaveke akafungua mlango kwa hofu: hapakuwa na mtu. Ndipo teke likapigwa tumboni, na jingine, na Nthambi akalia kwa furaha.

“Anacheza! Mwaitu, anacheza!”

Kaveke akainama, akaweka sikio tumboni amshukuru Mungu. Ghafla akajitupa nyuma. Nthambi naye aliisikia sauti, mle ndani, chini ya mbavu zake.

“Mama, huku kuna joto.”