Mgongo Uliosingiziwa

Siku za shule niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kila siku nilimkuta Mama ameniwahi. Mama ni fundi cherehani, na chumba chetu cha mbele ndicho kiwanda chake: cherehani dirishani, vitambaa vimejaa juu ya kochi, na sare za watoto wa watu zinaning'inia ukutani kama darasa la wanafunzi wasio na vichwa. Nilioga, nikanywa chai, nikaichomoa baiskeli kutoka kati ya mapipa mawili ya maji, nikaaga. Mama aliitikia kwa kuguna, maana mdomo wake ulikuwa umebana pini. Mguno huo nimeuzoea. Maana yake ni: nenda salama, angalia magari, na usimfanyie mtu ujinga wako.

Baba ni dereva wa malori ya safari ndefu, na ndiye aliyeninunulia baiskeli hiyo nilipoingia kidato cha kwanza. Shule iko kilomita tisa kutoka nyumbani: tatu za lami, sita za changarawe iliyojikunja kama bati. Nilikuwa nimeapa mbele ya ukoo kwamba nitaziendesha zote, asubuhi na jioni, mpaka nimalize masomo. Sikuapa kwa ushujaa. Niliapa kwa sababu njia nyingine ilikuwa kuhamia kwa Shangazi, dada yake Baba, ambaye nyumba yake imepakana na uzio wa shule. Shangazi ananipenda sana, na hapo ndipo penye tatizo. Kwake mtu huamshwa kwa jedwali la kuzidisha. Televisheni imefunikwa kitambaa tangu siku iliyonunuliwa. Mtu mwenye tabia zangu angekauka pale kama shati kwenye kamba.

Wiki ya tatu, maumivu yakaanza.

Yalianzia pale mwili unapokutana na kiti cha baiskeli. Mwanzoni yalikuwa kama kufinywa na mtu mwenye kinyongo. Baada ya siku chache yakawa kama kukalia pasi. Niliumwa nikipanda, nikaumwa nikishuka, na darasani nikaumwa nikiwa sina baiskeli hata kidogo.

Sasa elewa shida yangu. Kiswahili ni lugha tajiri, lakini mahali hapo kilinitupa. Kuna neno moja ambalo ukilitamka nyumbani kwetu unaoshwa mdomo kwa sabuni. Kuna "makalio", lakini hilo ni la kitabu cha biolojia, na nani anazungumza na mama yake kama kitabu cha biolojia? Kuna "nyuma", lakini hata nyumba ina nyuma. Niliyapima maneno yote, nikayarudisha mahali pake.

Jioni moja Mama aliniona nakula nimeegemea mlango, sahani mkononi, kama mgeni aliyekosa nafasi.

"Kaa kitako ule, mwanangu."

Ukitaka kujua jinsi lugha inavyoweza kumkejeli mtu, umwa mahali hapo kisha uambiwe ukae kitako.

"Siwezi, Mama," nikasema. "Mgongo unauma."

Ndivyo mgongo wangu, ambao haukuwa umemkosea mtu, ulivyoingizwa kwenye kesi.

Mama aliacha cherehani katikati ya mshono, jambo ambalo halifanyi hata paa likivuja. Alinilaza kifudifudi mkekani, akanikanda kwa mafuta na kitambaa cha maji ya moto, huku akinisimulia habari za marehemu babu aliyeupuuza mgongo wake akaishia kutembea akitazama vidole vyake vya miguu. Mgongo uliokuwa mzima kama ubao mpya ulikandwa mpaka ukaanza kuuma kweli. Kesho yake nikatumwa kwa fundi baiskeli, ili atazame kama baiskeli ndiyo inayoniumiza.

Fundi baiskeli hufanya kazi chini ya mabati manne jirani na kituo cha mafuta, na hapendi maneno mengi. Aliniuliza naumwa wapi. Wasichana wawili wa darasa letu walikuwa hapo wakijaza upepo, kwa hiyo nikaurudia ushahidi wa uongo: mgongo. Fundi alichukua spana, akapandisha usukani, akainua pua ya kiti kidogo ili nisiwe nainama. Sasa utakaa wima kama hakimu, akaniambia.

Nilikaa wima kama hakimu, na hukumu yote ikaniangukia mwenyewe. Uzito ambao zamani mikono ilinisaidia kuubeba sasa ulishuka wote mahali pamoja, na pua ya kiti ikawa inanisukuma papo hapo penye kidonda. Kila mkunjo wa ile changarawe niliupokea mmoja mmoja, bila hata mmoja kunisahau. Nilitaka kurudi kwa fundi, lakini ningemwambia nini? Kwamba mgongo umepona ila sasa ameniharibia kitu kingine kisicho na jina?

Nikaamua kujitibu. Mezani kwa Mama palikuwa na koti la mteja likisubiri kushonwa bitana, na pembeni yake pedi mbili za mabega, nene, laini, zisizo na kazi kwa wakati ule. Nikazitia ndani ya suruali. Kwa kilomita moja nilikuwa mfalme. Kilomita ya pili, bega la kushoto lilihamia pajani. Kufika shuleni pedi zilikuwa zimelowa jasho na kunisugua kama msasa, nami nikapita getini nikitembea kama bata anayekwenda kusikiliza matokeo ya mtihani.

Mwalimu wa hisabati aliniona nahamahama kwenye benchi. Kwa kuwa muhula ule ule kiti chake kiliwahi kupakwa chaki ya kijani na mtu ambaye sitamtaja, aliamuru safu yetu yote isimame, akakagua benchi zima akitafuta pini. Hakupata kitu, na hilo likamtia wasiwasi zaidi. Akaniambia nisome nimesimama dirishani. Kufika mapumziko, jirani yangu wa dawati alikuwa ameshanibatiza jina: Mwenyekiti.

"Waheshimiwa," akatangaza nilipoingia darasani, "Mwenyekiti wetu ana kiti lakini hakikaliki. Kikao kimeahirishwa."

Nilicheka nao, kwa sababu mtani asiyecheka akitaniwa anakosa pa kujificha. Lakini ndani nilikuwa nachemka. Niliikasirikia baiskeli, nikaikasirikia barabara, nikamkasirikia fundi aliyetengeneza vizuri kile nilichomwambia. Kila dawa niliyopewa ilikuwa ya mgongo, na mgongo ulizidi kunawiri.

Ijumaa Mama alitoa uamuzi. Alikuwa amezungumza na Shangazi kwenye simu. Mgongo si wa kuchezea, akasema. Baiskeli atapewa binamu yangu, na mimi Jumapili ya wiki inayofuata nitahamia kwa Shangazi. Begi likashushwa kutoka juu ya kabati.

Hapo nikaona afadhali kweli. Nikamwambia siumwi mgongo kabisa. Naumwa huku chini, kwenye kukalia. Mama akaweka begi chini.

"Mwaka jana, siku ya mtihani, ulichechemea mguu gani?"

"Wa kulia, Mama."

"Huo ulikuwa wa asubuhi. Na mchana?"

Mchana nilikuwa nimechechemea wa kushoto, kwa bahati mbaya.

"Basi. Jana mgongo, leo kukalia, kesho kisigino. Kwa Shangazi utakwenda."

Nimewahi kuadhibiwa kwa makosa mengi, na karibu yote niliyafanya. Lakini sijawahi kuumia kama siku ile niliposema kweli ikakosa wa kuipokea. Nilikwenda kusimama kando ya baiskeli yangu, kwa kuwa kukaa kando yake nisingeweza.

Kwa bahati, Mama hatumi mzigo bila kuukagua. Jumamosi alinipeleka zahanati ili mgongo uangaliwe kabla ya kukabidhiwa kwa Shangazi. Muuguzi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mama alimweleza kuhusu mgongo wangu kwa ufasaha, pamoja na wa babu. Muuguzi akaniambia niiname, nigeuke kulia, nigeuke kushoto, niguse vidole vya miguu. Nikafanya yote kama mtu wa sarakasi.

"Mama, mgongo huu unaweza kubeba gunia," akasema. "Haya, kijana, kaa hapo tuzungumze."

Nilikaa. Nilisimama haraka kuliko nilivyokaa. Muuguzi akavua miwani.

"Panapouma panaitwaje?"

Nilimtazama Mama. Nikaitazama picha ya mapafu iliyobandikwa ukutani. Mapafu hayakunisaidia.

"Mjukuu wangu," akasema yule mzee, "humu ndani hamna matusi, mna majina tu. Ukiumwa jino ukaniambia sikio, nikakutibu sikio, jino litapona?"

"Makalio," nikasema. Na kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, nikatoa kila kitu: changarawe, usukani, kiti, na pedi za mabega.

"Pedi zipi?" Mama akauliza taratibu. Alikuwa amezitafuta siku tatu. Kisha akafumba macho, na sikupenda kujua anaona nini huko ndani.

Muuguzi hakucheka, jambo lililonishangaza, maana mimi ningecheka. Alinikagua nyuma ya pazia, Mama akiwapo, akasema ni michubuko, na mahali pamoja palikuwa panaanza kutunga usaha. Ningeendelea kunyamaza wiki mbili, pangehitaji kupasuliwa. Akanipa dawa ya kupaka na masharti: siku tano bila baiskeli, nioge kwa maji na sabuni na nijikaushe vizuri, nguo ya ndani iwe safi na kavu kila safari. Na kwenye barabara mbovu niinuke kidogo, nisimame kwenye pedeli, niiache miguu ipokee mitikisiko. Mwisho akamwambia Mama aitazame mishono ya suruali. Yeye mwenyewe aliendesha baiskeli kwenda kazini miaka ishirini, na mshono mmoja mbaya ulimfundisha adabu.

Nyumbani Mama aliigeuza suruali yangu ya sare ndani nje. Aliishona mwenyewe, kwa mshono maradufu, na ndani yake akaongeza kiraka kikubwa ili idumu mpaka kidato cha nne. Pale mishono ilipokutana palikuwa na fundo nene kama kamba. Alipapapasa kwa kidole gumba, mara moja, mara mbili.

"Kumbe kazi yangu ndiyo uliyokuwa unaikalia."

"Ni kazi nzuri, Mama. Ni mimi ninayekwisha, suruali haikwishi."

Hakutaka kucheka, lakini pembe ya mdomo ilimsaliti. Akachukua wembe akaanza kufumua. Kufikia jioni suruali ilikuwa na kipande kimoja laini mahali pa lile fundo, mishono imelazwa bapa kwa pasi, mbali na panapokaliwa.

Jumatatu nilikwenda shule kwa gari la abiria, kwa nauli ya siku tano tu ambayo Mama aliitoa kwa shingo upande, na jioni nikaisukuma baiskeli hadi kwa fundi. Wateja wawili walikuwapo. Nikalisema lile neno kwa sauti ya kawaida. Wateja wakacheka, fundi hakucheka. Alishusha usukani, akaweka kipande cha ubao juu ya kiti kuhakikisha kimelala sawasawa, akakaza.

"Mimi hutengeneza ninachoambiwa," akasema. "Ukiniletea mgongo, natengeneza mgongo."

Siku tano zikapita, na Jumamosi, kukiwa kumebaki siku moja nihamishwe, Mama aliniruhusu kufanya majaribio: kilomita tisa kwenda, tisa kurudi. Niliinuka kwenye kila mkunjo mbaya wa changarawe. Nilirudi nimejaa vumbi, nikavuta kigoda mbele ya cherehani, nikakaa. Mama alinitazama nikikaa kama anavyotazama nguo inayojaribiwa na mteja. Akauliza vipi. Nikamjibu kwa uangalifu, kwa kuwa sikutaka tena kuongeza wala kupunguza: panauma kidogo, kama miguu inavyouma baada ya mpira, lakini si kama zamani.

Akachukua simu akampigia Shangazi. Akamwambia mtoto haji tena, baiskeli anabaki nayo, alikuwa anaumwa lakini sasa ametibiwa. Shangazi akauliza alikuwa anaumwa wapi hasa.

Mama akanitazama. Akazitazama zile sare ukutani.

"Ah, wifi, ni huko... huko mgongoni mgongoni."

Niliinua nyusi tu. Mama akashusha pumzi.

"Hapana, wifi, nimekosea. Ni makalio. Ndiyo, hayo hayo. Kiti cha baiskeli kilimchubua."

Kisha Shangazi akaanza kuongea kwa sauti ya chini, na Mama akasikiliza, akiitikia mhm, mhm, mpaka akaomba kalamu kwa ishara. Aliandika jina la dawa yangu, akamtajia herufi kwa herufi, akamwelekeza zahanati ilipo. Alipokata simu alibaki ameishika.

"Shangazi yako anakaa kutwa nzima kwenye kiti cha ubao kule ofisini," akasema. "Ana kidonda kama chako, na huu ni mwezi wa pili. Watu wote amewaambia ni kiuno. Mumewe amemnunulia mkanda wa kiuno."

Nilitamani sana kucheka, lakini nilikuwa najua jinsi panavyouma.

"Umeona?" Mama akaendelea. "Mwili hauna sehemu ya aibu, mwanangu, una sehemu zinazouma na zisizouma. Adabu si kuficha panapouma. Adabu ni kupataja kwa jina lake, kwa mtu anayeweza kukusaidia, siku ile ile ya kwanza. Na kosa langu nalikubali: uliponiambia kweli sikukusikiliza. Lakini na wewe, ukiutumia uongo kila siku kwa mchezo, siku ya shida kweli yako itakosa shahidi."

Nikasema nimeelewa, na safari hii sikuwa natania. Mama akanituma nilirudishe begi juu ya kabati. Niliporudi alikuwa ameweka mezani koti la yule mteja, sponji mpya, mkasi na sindano, akanionyesha kigoda. Pedi mbili za mabega, akasema, na zilingane.

Nikakaa, nikatia uzi kwenye sindano.