Gari Langu Lililala Chini, Mama Mkwe Akanyamaza

Nina miaka thelathini na mmoja, baba wa mtoto mmoja, nauza vipuri vya pikipiki mjini Mbinga. Wasomaji wenzangu, mkinikuta nacheka na wateja mtadhani nina amani. Sina!

Mwaka juzi nilinunua gari dogo, mtumba. Nililipenda kuliko kitu chochote... Mungu anisamehe, pengine kuliko hata watu. Kero yangu ilikuwa moja tu: niliona limesimama juu mno, kama kuku anayeogopa matope. Nikatafuta spring fupi, nikampelekea fundi alishushe. Fundi alinionya kwamba litakuwa gumu, kila shimo tutalisikia kiunoni. Sikio la kufa halisikii dawa! Liliposhuka, tairi zikajificha ndani ya bodi, nikalizunguka huku natabasamu peke yangu kama mjinga.

Basi mama mkwe wangu, mjane anayeishi Liuli kando ya Ziwa Nyasa, akafanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni hapa Mbinga. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alinisisitizia kwamba kidonda bado kibichi, mgonjwa asirushwerushwe njiani. Mke wangu alikuwa ametangulia Liuli kuandaa nyumba. Akanipigia simu.

"Baba Anita, kama hujarudisha zile spring za zamani, kodi gari lingine. Nakuomba!"

Nikamjibu nimesharudisha jana. Uongo mtupu! Nilitaka watu wa Liuli wanione naingia na gari langu limelala. Hebu niambieni, huo ni utu?

Mama akakaa kiti cha nyuma, mto kaukumbatia tumboni. Hadi Mbamba Bay ni lami, tukaenda vizuri, nikajipongeza. Kisha tukaiacha lami... Jamani! Kila korongo gari lilidunda, chini likakwaruza mawe. Mara mbili nilimwomba mama ashuke ili gari lipite. Akashuka, kashika tumbo, akapanda tena.

"Mama, unaendeleaje?"

"Salama tu, baba. Wewe endesha."

Nikayaamini maneno hayo kwa sababu yalinifaa. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawazoeani. Sijawahi hata kula naye sahani moja. Angewezaje kuniambia mimi kwamba chini ya kitenge chake mshono unaachia?

Tulipofika alishindwa kushuka. Mke wangu akafunua kitenge... kiti kizima damu! Ukelele alioupiga bado uko masikioni mwangu.

Majirani wakambeba mama hadi hospitali. Na mimi je? Kesho yake asubuhi nilirudi Mbinga kufunga spring za zamani, kabla mke wangu hajapata akili ya kulitazama gari. Ndiyo, nilikwenda kuficha ushahidi wakati mgonjwa yuko kitandani! Kidonda kikatunga usaha, homa ikagoma kushuka, na mama akatutoka.

Kabla ya kukata roho alimwambia binti yake asinilaumu, eti niliendesha kwa upole, ila barabara ndiyo mbaya. Alinisitiri! Msibani nililia hadi watu wakanisifu, wakasema mkwe mwenye uchungu kama huyu ni wa kutafuta kwa tochi. Kila sifa iliniingia kama mwiba.

Hadi leo mke wangu anailaani barabara ya Liuli. Kanisani tukimwombea mama, hunishika mkono... nami naitikia amina.

Vijana wenzangu, kabla hujalishusha gari lako, jiulize nani atalipanda. Na mgonjwa anayekustahi akikuambia yu salama, usiridhike haraka! Simamisha gari, tafuta mwanamke mwenzake aongee naye. Heshima ya wazee wetu huficha maumivu mengi, na sisi tunaifurahia kwa sababu inatupunguzia usumbufu.

Mdomo umenishinda, ndiyo maana nimeandika. Mama Anita, gazeti hili nitakuachia mezani, kisha nitakaa nje kukusubiri. Barabara haikumuua mama yako. Ni mimi.