Mtu wa Tano Kwenye Duara la Mjomba

Jioni ile nilifungua kiofisi changu kwa shughuli ndogo tu: kumchapia shemeji Rispa karatasi moja. Nilijua ni dakika kumi, halafu nikale ugali wangu.

Enzi zile dhahabu inatoka Kerende na watu wanamiminika kutoka kila kona, mimi ndiye niliyeandika habari za machimbo kwenye tovuti. Duara la mjomba wangu Mseti, shimo lake la dhahabu, lilipoporomoka, niliandika ukweli: watu watano wamefukiwa shimoni. Haikupita saa moja, mjomba akanipigia.

"Werema, andika wanne. Otiende hakuingia. Amevuka mpaka pale Sirari alfajiri, yuko Migori kwa dada yake."

"Una uhakika, mjomba?"

"Unanibishia mimi?"

Nikabadilisha. Otiende ni rafiki yangu, na sikumpigia hata mkewe, Rispa, kuuliza. Alikuwa kwao Rorya, amekwenda kujifungua. Siku ya pili zikatolewa maiti nne, kazi ikasimama. Kwani waokoaji wangemtafuta nani tena? Habari waliyokuwa wakiisoma ni yangu. Jamani, naona aibu hata kuisimulia.

Mwezi ukapita. Sasa Rispa alikuwa mbele ya meza yangu, kichanga mgongoni. Migori hakuna aliyemwona Otiende. Na huku ofisi ya madini ilimwambia alete maandishi kwamba watu walikuwa watano, ndipo duara lifukuliwe.

"Shemeji, nasikia kompyuta inatunza ulichofuta. Nirudishie, nikamzike mume wangu."

Ni kweli. Kila ukihifadhi habari, tovuti inaweka toleo la zamani, na tarehe, na jina la aliyehifadhi. Nilitegemea mawili: la watano na la wanne.

Yalikuwa kumi na moja.

Tisa yalikuwa na jina la Otiende. Moja kila siku, kuanzia siku ya ajali.

Paswedi nilimpa mwenyewe, awe ananiwekea picha. Lakini...

"Shemeji," nikanong'ona, "simu yake iko wapi?"

"Ninayo. Aliniachia niitie gari nikishikwa na uchungu."

Nikafungua la tatu. Habari ni ileile, ila chini umeongezwa mstari mmoja.

Nawasikia mnachimba. Niko huku kushoto.

La tano: Mbona mmenyamaza?

Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani. Udongo na baruti. Nikasikia, chini ya sakafu...

Ngo... ngo... ngo.

La nane: Werema, andika watano.

La mwisho, la siku ya tisa, lilikuwa na herufi moja tu.

W

"Kuna nini?" Rispa akauliza. Yeye hakusikia kitu.

"Hakuna kitu, shemeji."

Nikabonyeza Rejesha kwenye toleo la kwanza, nikachapa, nikampa.

Walifukua. Walimkuta. Tulimzika Jumamosi, na ndugu zake wa Migori wakavuka kuja kulia. Watu walipotawanyika, Rispa alinishika mkono.

"Nyasaye Mungu ashukuriwe, alikufa palepale. Hakuteseka. Si ndiyo, shemeji?"

Alinitazama machoni. Alitaka hilo tu, alale usingizi.

"Ndiyo, shemeji. Palepale."

Niliporudi nikawasha kompyuta. Kulikuwa na toleo jipya, lenye jina la Otiende, limehifadhiwa dakika ileile niliyomjibu mkewe.

Sijalifungua mpaka leo.