Jiwe Lililopanda Sentimita Saba

Jumamosi hiyo asubuhi, kama asubuhi zote za miezi mitatu iliyopita, meza ya kulia ilijaa madaftari, na mengi hayakuwa ya watoto. Mama naye alikuwa mwanafunzi. Ofisi ya mji, alikokuwa akikagua vibali vya ujenzi, ilikuwa imempeleka kwenye mafunzo ya kuchora ramani za mafuriko, ili ajue maji ya mto hufika wapi na watu wajenge vipi. Leo ulikuwa mtihani wa mwisho, nao ungefanyika mtaani kwao, karibu na mto.

"Mama, umekunywa chai? Kalamu unayo? Daftari je?" aliuliza binti yake wa miaka kumi na miwili. Mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

"Hivi mama ni wewe au mimi?" Mama alicheka. "Haya, twende ukanishikie rula."

Rula yenyewe ilimzidi Baba kwa urefu. Chiriku angeisimamisha juu ya ardhi, Mama aisome kwa darubini ya miguu mitatu, wasogee, wasome tena. Wangeanzia kwenye jiwe la alama mbele ya zahanati, wazunguke mtaa, kisha warudi pale pale.

"Mkirudi, hesabu ikubali: jiwe liwe na kimo kile kile cha mwanzo," alisema mkufunzi, mzee mfupi mwenye kofia pana. "Isipokubali hadi saa kumi, habari za cheti tutaongea mwakani."

Mambo yalikwenda vizuri hadi walipofika nyuma ya nyumba yao, kwenye kiwanja kidogo ambapo Baba, fundi mwashi, aliahidi kumjengea Chiriku chumba. Loo, jinsi alivyokisubiri! Alikuwa amechoka kulala kitanda kimoja na mdogo wake, aliyepiga mateke usingizini kama yuko uwanjani. Lakini juzi alimsikia Mama akimwambia Baba, "Kiwanja kikiingia ndani ya mstari wa mafuriko, usianze kuchimba msingi."

Chiriku akaangaza huku na huku. Mama alikuwa mbali, ameinamia darubini, na nyasi zilificha sehemu ya chini ya rula. Tofali la kuchoma lilikuwa hapo hapo. Chiriku akalisogeza kwa mguu, akaisimamisha rula juu yake. Tayari, kiwanja kimepanda! Mama alisoma, kisha akaihamishia darubini upande wa pili, ambako hakukuwa na nyasi. Chiriku akaogopa kuonekana. Akalitupa tofali na kuirudisha rula chini, Mama akaisoma tena, bila kujua kwamba vipimo viwili vya sehemu moja havikuanzia kimo kimoja.

Saa nane walirudi zahanati. Mama alijumlisha, akatoa, akajumlisha upya. Mkufunzi akachungulia daftari, kisha akaligusa jiwe la alama kwa ncha ya kiatu.

"Makubwa haya! Tangu asubuhi jiwe limepanda sentimita saba. Kwani mnalimwagilia?"

Wanafunzi wenzake Mama, waliokuwa wamemaliza kupima, wakaangua kicheko. Mama alijaribu kucheka nao, kisha akaliinamia tena daftari.

"Nitakuwa nimesoma vibaya," alisema kwa sauti ndogo. "Labda ni macho yangu."

Chiriku aliona aibu. Mama huyu aliamka alfajiri miezi mitatu kusoma, na sasa anayalaumu macho yake yasiyo na kosa.

"Si macho yako, Mama," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Niliweka tofali chini ya rula, halafu nikaliondoa. Nilitaka chumba changu."

Mama alilifunga daftari. "Nimekasirika, mwanangu. Nimekasirika sana. Lakini umesema mwenyewe, na saa kumi haijafika. Beba rula!"

Walipima upya mbiombio, jasho likiwatiririka. Zikiwa zimebaki dakika tano, hesabu ilikubali, tofauti milimita mbili tu. Mkufunzi akavua kofia. "Hongera, mama. Naona jiwe limetulia."

Jioni Mama alichora mstari wa bluu kwenye ramani. Kiwanja chao kikaingia ndani.

"Basi, chumba ndiyo kwaheri," alisema Chiriku kinyonge.

"Nani kakwambia?" Mama alishangaa. "Nilimtaka baba yako asianze kabla sijampa kimo. Sheria inaruhusu kujenga hapa, mradi sakafu iwe juu kuliko maji ya mafuriko makubwa. Kwetu ni mita moja kutoka ardhini."

"Mita moja tu?" Baba alidakia. "Hiyo kazi ndogo! Utapanda ngazi kuingia chumbani kama malkia."

Chiriku alicheka huku akijifuta macho. Mama akamvuta karibu.

"Sasa nisikilize. Mtaa mzima utajenga kwa kufuata namba zangu. Namba ya tofali lako ingepita, kuna mzazi angelaza watoto wake mahali ambapo ramani inasema ni pakavu, na maji yangewakuta kitandani. Kipimo kisipokufurahisha, uliza. Usikichezee, maana kuna watu watakiamini."

Chiriku aliinamia ramani. Kisha akaweka kidole kwenye nyumba ya jirani yao, mama mwenye mapacha wachanga. Nayo ilikuwa ndani ya mstari wa bluu.

"Mama, yeye anajua?"

"Bado."

"Basi twende tukamwambie," alisema Chiriku, akaanza kutafuta viatu.