Miche ya Tata Badibanga

Kila siku baada ya masomo, Rachelle na rafiki yake Mianda walimwagilia miche ya mlusina nyuma ya nyumba ya akina Mianda, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi mjini Kolwezi. Tata Badibanga, baba yake Mianda, ndiye aliyewafundisha kuiotesha. Mbegu za mti huo wa jamii ya mikunde ni ngumu, hivyo walizimwagia maji ya moto, wakaziloweka siku nzima, ndipo wakazipanda katika makopo ya maziwa. Miche arobaini ilikusudiwa kupandwa kwenye mteremko wa shule, ambako mvua ilikuwa ikichukua udongo.

Hawakuwahi kuipanda pamoja. Mwaka ule wa 1993, watu wenye asili ya mkoa jirani wa Kasai walikuwa wakifukuzwa mkoani Katanga. Asubuhi moja vijana wenye mapanga walimwamuru Tata Badibanga aondoke, ingawa alizaliwa papo hapo Kolwezi. Alitoka na mkewe, Mianda na godoro moja, wakaenda stesheni kungoja treni pamoja na maelfu ya wenzao. Rachelle alitazama kupitia dirisha. Mchana akaichukua miche.

Shuleni, mwalimu wao, Mama Odile, aliuliza, "Nani aliiotesha?"

Kulitaja jina la Mkasai siku hizo kulitisha. Lakini Rachelle alitaka pia kusifiwa. "Ni mimi," alijibu. Mwalimu na wenzake wakampigia makofi, na jina lake likaandikwa kwenye kibao pale mteremkoni.

Wiki tatu baada ya kupandwa, majani yaligeuka manjano. Kila mtu alimuuliza Rachelle la kufanya, naye hakujua. Akaenda stesheni, ambako waliofukuzwa walikuwa bado wanangoja treni.

Alimkuta Tata Badibanga chini ya turubai, amekonda. Mianda alikuwa amelala kando yake, ana homa.

"Tata, miti inakuwa manjano," Rachelle alisema.

"Udongo wa kule umechoka," mzee alijibu kwa upole. "Nyuma ya nyumba yetu kuna mlusina mukubwa. Chota udongo wa kwenye mizizi yake, uweke kidogo kwa kila mche. Mule muna tududu, vijidudu vidogo vyenye kulisha muti."

Mianda alifumbua macho. "Mwalimu anajua kama tuliiotesha sisi?"

"Anajua," Rachelle alisema.

Jioni hiyo aliweka udongo kwenye kila mche, akasoma tena jina lake pale kwenye kibao. Kesho yake alisimama darasani akasema ukweli wote. Baadhi ya wanafunzi waliguna. Mmoja aliuliza, "Unatetea Bakasai?" Mama Odile alikwenda mteremkoni, akafuta jina la Rachelle, akaandika Badibanga na Mianda, kisha akamshika Rachelle mkono wakaenda stesheni.

Pale palipokuwa na turubai palibaki majivu tu.

"Walipakiwa alfajiri," alisema mama mmoja aliyekuwa bado anangoja. "Mtoto alibebwa. Hakuweza kusimama."

Rachelle alilia. "Nilimdanganya Mianda, naye hatajua kwamba nimesema ukweli."

"Hatajua," Mama Odile alisema. "Siwezi kukufariji kwa uongo mwingine. Wale vijana waliwanyang'anya nyumba. Sisi tuliwanyang'anya jasho lao, mimi nikiwa mwalimu niliyepiga makofi bila kuuliza. Ukweli una wakati wake, mwanangu. Ukiuchelewesha, utausema kwa watu wasiouhitaji."

Baada ya mwezi miche ilirudia ukijani wake. Habari za Mianda hazikufika kamwe.